Dashain Katika Nguo Nyeupe

Asoj 1
Mvua bado haijakoma. Mpunga wa ngazi ya chini ya shamba umelala. Mama anasema utainuka wenyewe, mimi nasema hautainuka. Tumebishana mpaka chai ikapoa.

Naandika kwa sababu siku ikiisha nilizoea kumsimulia Dhanraj, na tangu alipofariki mwezi wa Chait, miezi sita iliyopita, sina wa kumsimulia. Kwa Mama siwezi kusema yote. Ana miaka themanini na moja, ana sukari, goti lake la kulia halikunjiki, na aliyekufa alikuwa mtoto wake kabla hajawa mume wangu.

Asoj 3
Mvua. Nimempaka Mama mafuta ya haradali ya moto kwenye goti. "Mikono yako imekuwa mifupa mitupu," akasema. "Unanipaka au unanikuna?"

Asoj 4
Shemeji Lokendra amepiga simu kutoka Kathmandu. Ndiye mdogo wa Dhanraj, na sasa ndiye mtoto pekee wa Mama aliyebaki. Anataka Mama akaishi kwake Tihar, sikukuu ya taa, ikipita, kabla ya baridi.

"Shemeji, usinielewe vibaya," akasema. "Lakini akizidiwa huko mlimani, nani atamfikisha hospitali? Wewe na nyati?"

Mama alikuwa ananyoosha shingo asikie. Akapaza sauti: "Mwambie ghorofa ya nne ni ya njiwa! Mimi sina mbawa."

"Nimemsikia," Lokendra akasema. Hakucheka.

Mimi nilifurahi kwamba Mama amekataa. Sisi hatukujaliwa watoto. Mama akiondoka, nyumba hii itabaki na mimi, nyati, na mbwa Kale. Lokendra ni mtu wa mjini, anafikiri mzazi ni mzigo wa kupanga mahali pake. Mkewe Anjila hata simu hakushika.

Asoj 6
Leo Dashain, sikukuu kuu ya mungu mke Bhagavati, imeanza. Majirani wote wameotesha shayiri kwenye kona ya giza, ili siku ya tika, ya alama nyekundu ya baraka kwenye paji la uso, wapate miche ya manjano ya kuweka masikioni. Sisi hatukuotesha. Mwaka wa msiba haujaisha.

Mimi navaa nyeupe, nakula mara moja kwa siku, chakula nilichopika kwa mkono wangu baada ya kuoga, peke yangu jikoni, bila kusema na mtu. Ndivyo alivyofanya Mama alipofiwa na mume, na mimi sitaki kupunguza hata kidogo. Kwa hiyo nampikia yeye kwanza, halafu najipikia.

Asubuhi amesema: "Sahani yangu uwe unaniwekea barazani. Moshi wa jikoni unaniumiza macho."

Nikamwekea barazani. Wali, dengu, mumunye. Sahani ilirudi nyeupe kabisa. Nilishukuru Mungu kwamba anakula.

Asoj 7
Dawa ya sukari alfajiri, pamoja na chai kavu. Dada wa zahanati alisema isirukwe hata siku moja. Sijairuka.

Asoj 9
Mvua imeondoka ghafla. Anga imefunguka na watoto wamepanda kwenye mapaa kurusha tiara. Moja imekatika uzi ikaangukia kwenye mpera wetu. Nimeiacha huko.

Dhanraj alikuwa akila mapera mabichi kwa chumvi na pilipili, na kila mara alikunja uso kama vile hakujua yana ukali. Miaka ishirini na mbili hakuwahi kujua.

Asoj 10
Mama amelala mchana, jambo ambalo si kawaida yake. Nilipomwamsha akasema ni joto.

Kale amenenepa. Bishnumaya, jirani yetu, alipita na mzigo wa majani ya nyati kichwani akamtazama: "Dada, mbwa huyu mnamlisha nini? Ninyi mko msibani, yeye yuko Dashain."

Tukacheka. Nilicheka hata mimi.

Asoj 11
Sahani nyeupe. Kesho nitaongeza wali.

Asoj 13
Vijana wamemaliza bembea pale kwenye uwanja wa chini: mianzi minne mirefu, kamba ya nyasi iliyosokotwa. Miaka yote kamba ilisokotwa na Dhanraj. Mwaka huu wameisokota wengine na ni nene kupita kiasi, lakini inashika.

Mama tangu asubuhi alikuwa anachungulia. Mwishowe akachukua mkongojo.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Kupanda bembea."

"Tuko msibani."

"Msiba umenikataza tika. Umenikataza nyama. Umenikataza nyekundu. Nani amenikataza bembea? Dashain mtu lazima miguu yake iachane na ardhi, angalau mara moja. Sijaruka mwaka hata mmoja tangu nilipoolewa hapa, hata nikiwa na mimba ya Lokendra nilipanda. Twende unishike."

Nikamshika. Sikujua kama tunakosea. Uwanja ulinyamaza walipotuona, wawili tuliovaa nyeupe katikati ya wasichana wenye sari mpya. Kisha Bishnumaya akasema kwa sauti kubwa, "Haya, mpisheni bibi harusi!" na watu wakaangua kicheko, na ugumu ukaisha.

Wasichana wawili walimkalisha kwenye ubao, mmoja mbele mmoja nyuma, wakamsukuma taratibu kama mtoto.

"Mmebeba maziwa?" Mama akafoka. "Sukumeni!"

Wakasukuma. Akapanda juu, nywele zikafunguka, shali likapepea nyuma, na nilimwona akicheka bila meno. Chini yake ngazi za mpunga zilikuwa zimeanza kugeuka rangi. Muda ule mfupi sikuwa na huzuni yoyote.

Aliposhuka alitetemeka miguu na paji la uso lilikuwa maji matupu. Akasema dunia inazunguka. "Ni bembea," akasema. "Inapita." Nikamkalisha kivulini. Ikapita.

Mzee mmoja akaniambia pembeni kwamba mjane hafai kuonekana mahali pa sherehe. Nimelifikiria neno lake njia nzima. Nilifikiria hilo, badala ya kufikiria yale maji kwenye paji la uso.

Asoj 14
Leo naandika usiku.

Asubuhi nilimpa dawa na chai. Saa nne nikamwekea sahani, nikaenda kukata majani ya nyati. Niliporudi, Mama alikuwa ameegemea nguzo ya baraza, macho wazi, na Kale ameingiza mdomo kwenye sahani yake. Nikamfukuza mbwa. Mama akanitazama akaniita Hima. Hima ni dada yake aliyekufa kabla mimi sijazaliwa.

"Hima, ng'ombe wameingia kwenye mahindi."

Blauzi yake ilikuwa imelowa kama imetoka kufuliwa, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Nikamshika mkono: barafu. Dhanraj naye alitoka jasho namna ile siku aliyosema anakwenda kunywa maji kisimani, na hakurudi. Nikapiga kelele. Sikuwa nimepiga kelele siku ya Dhanraj, watu walinisifu kwa hilo. Leo nimepiga.

Bishnumaya alikuja mbio, mikono imejaa unga wa mchele, maana alikuwa anakaanga mikate ya sikukuu. Alimwangalia mara moja tu.

"Sukari! Mpe sukari!"

"Ana ugonjwa wa sukari, nimpe vipi sukari?"

"Tulasa, baba yangu alikuwa hivi hivi! Imeshuka! Lete sukari!"

Nyumbani hatuweki sukari kwa ajili yake. Bishnumaya alikimbia kwake akarudi na asali kwenye kikombe, tukampaka ndani ya shavu kwa kidole, kidogo kidogo, na mimi nikiita jina lake mpaka sauti ikakauka. Baada ya muda akameza. Kisha akanitambua. "Mbona unalia? Nani kafa?"

Purna, mume wa Bishnumaya, alimweka kwenye tenga, akavuta ukanda wa tenga kwenye paji lake mwenyewe la uso, akateremka naye mgongoni hadi zahanati. Mimi nyuma, nikishikilia tenga ili lisiyumbe. Njiani watu walikuwa wanavuta mbuzi kuwapeleka nyumbani kwa kuchinja kesho. Walitupisha.

Dada wa zahanati alimtundikia maji, kisha akaniuliza: "Leo amekula nini?"

"Wali na dengu."

Akamgeukia Mama. "Bibi, umekula nini leo?"

"Kilichokuwepo."

"Na jana?"

Mama akatazama ukuta. Na mimi nikaona sahani zote zile nyeupe, na tumbo la Kale.

"Umefunga," nikasema. "Unafunga tangu siku ya kwanza."

"Matunda nimekula. Maziwa nimekunywa."

"Na mimi nakupa dawa kila alfajiri!"

"Dawa sikusema usinipe."

Dada wa zahanati alieleza polepole, kama anavyoeleza watoto: dawa hii inashusha sukari, chakula kinaipandisha, ukiondoa chakula ukabakiza dawa, mtu anazama. Alituambia sote wawili, lakini nilijua ananiambia mimi. Kisha akatoka nje.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

"Ungenikataza."

"Ningekukataza, ndiyo!"

"Basi."

Akafumba macho. Nikadhani amelala. Halafu akasema, bado amefumba macho:

"Nilimfungia Bhagavati siku tisa kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu?"

"Mwanangu ameshakwenda, nimwombee nini? Aliyebaki anakonda mbele ya macho yangu. Unafikiri mimi kiziwi? Nakusikia jikoni. Kijiko kinakwaruza sufuria mara mbili, halafu unanawa mikono. Huko si kula msiba, Tulasa. Huko ni kumfuata."

Nilitaka kusema si kweli.

"Nilipofiwa mimi," akaendelea, "nilikula mara moja kwa siku, lakini nilikula kama mbwa mwitu. Nilikuwa na watoto wawili."

Asoj 15
Lokendra na Anjila wamefika mchana na gari la kukodi mpaka barabarani, kisha kwa miguu. Amemkuta mama yake amelala barazani na alama ya sindano mkononi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mmoja anafunga kwa siri, mwingine anamnywesha dawa. Ninyi wawili mtazikana humu ndani kwa heshima na adabu, na mimi nitapigiwa simu."

"Lokendra," Mama akasema.

"Hapana, Mama. Nimeshapigiwa simu mara moja mwaka huu."

Akaenda nyuma ya zizi akakaa huko. Nilipokwenda kumlisha nyati nilimkuta amemshika nyati pembe, uso wake umegeukia kule. Nikaweka majani chini, nikarudi. Siku zote nilimwona mtu wa kupangapanga. Sikuwahi kufikiri kwamba anaogopa.

Asoj 16
Siku ya tika. Hakuna aliyekuja. Ni heshima: nyumba yenye msiba haisumbuliwi. Lakini kila mwaka siku hii Mama aliketi barazani tangu asubuhi hadi jioni, na ukoo mzima ukapanda kuinamisha vichwa, na yeye akawabandika mchele mwekundu kwenye paji la uso na kuwabariki, kila mmoja kwa jina na kwa utani wake. Leo ameketi mahali pale pale mikono mapajani. Watoto wa Bishnumaya, nyuso zimepakwa nyekundu, walipita njia ya juu ili asiwaone. Aliwaona.

"Yule mdogo amerefuka," akasema.

Anjila alimwosha miguu, akamkata kucha zile nene ambazo mimi zilinishinda, akampima sukari kwa kichombo alichokuja nacho, akamfundisha Mama kuisoma namba. Hakuwa anajionyesha. Nikamuuliza alijifunzia wapi.

"Kwa mama yangu," akasema. "Kwa simu. Nilikuwa namwelekeza jirani yake, naye anamfanyia. Nilipofika kwetu Jhapa walikuwa wameshaichoma maiti yake." Akaendelea kukata kucha. "Ndiyo maana simu siipendi, dada. Nikimsikia Mama kwenye simu, natetemeka."

Nilikuwa nimemhukumu huyu mwanamke kwa miaka tisa.

Asoj 19
Mvua isiyo na wakati wake. Mpunga uliosimama nao umelala.

Asoj 20
Wanaondoka kesho kurudi kazini. Jioni Lokendra aliuliza tena, mbele yetu wote, na Mama akajibu kama kawaida: "Siendi. Nikienda, huyu atabaki na nani?"

Nimesikia jibu hili tangu Chait na kila mara lilinipasha moto moyoni. Leo nililisikia vingine. Anakaa kwenye mlima wenye baridi, mwendo wa saa nzima kutoka kwa daktari wa karibu, kwa sababu yangu. Na mimi namfurahia akikaa, kwa sababu yangu pia. Hakuna aliyekuwa anamfikiria yeye. Hata yeye mwenyewe.

Nikasema: "Mchukueni. Tihar ikipita, mje mmchukue."

Lokendra alinyanyua kichwa. Mama akanigeukia.

"Unanitoa kwenye nyumba yangu?"

"Mpaka baridi iishe, Mama."

"Nimekuuliza: wewe, uliyeletwa hapa na mimi, unanitoa?"

"Ndiyo, Mama."

Akageukia ukutani. Hajasema nami tangu hapo.

Asoj 24
Hasemi.

Asoj 29
Anakula, lakini mbele yangu, akinitazama, kila punje. Akimaliza ananionyesha sahani. Hasemi. Na mimi nimeanza kula mbele yake, na lile sharti la kula peke yangu nimeliacha. Kuhani akijua atasema. Aseme.

Kartik 3
Tihar, siku ya mbwa. Kila mbwa kijijini amevishwa shada la maua ya manjano na kupewa chakula kizuri. Nilifikiri kwetu haitafanyika. Nikamkuta Mama amefuma shada kwa mikono yake inayotetemeka, amemvisha Kale, anamkanda masikio na kuongea naye kwa sauti ya kutosha mimi nisikie:

"Wewe peke yako hukunisaliti. Siku zote zile ulikula ukanyamaza. Wengine wana ndimi."

Usiku taa zimewashwa vijiji vyote mpaka ng'ambo ya mto. Kwetu hatukuwasha.

Kartik 9
Amekwenda.

Lokendra alikuja peke yake. Purna akaleta tenga, ametandika blanketi ndani. Mama amevaa nguo zake nyeupe safi, soksi mbili mbili.

"Bibi, leo u mwepesi," Purna akasema akinyanyuka. "Siku ile ulikuwa mzito kama gunia la chumvi."

"Siku ile nilikuwa nakufa. Maiti ni nzito. Angalia unapokanyaga, baba yako alikuwa na miguu mizuri kuliko wewe."

Njia nzima alimsimanga Purna, alimsimanga Lokendra, aliyasimanga mawe. Mimi hakunisimanga. Nilishuka nyuma ya tenga, na kwa kuwa anakaa ameelekea nyuma, tulikuwa uso kwa uso mpaka barabarani, na yeye akatazama juu ya bega langu, akiiangalia nyumba inavyozidi kuwa ndogo.

Wakamwingiza kwenye gari. Nikainama nikagusa miguu yake kwa paji langu. Kawaida mkono wake hushuka kichwani na neno la baraka hufuata. Mkono haukushuka. Nikaondoka kabla gari halijawaka ili nisione.

Kartik 10
Nimekamua. Nimefagia.

Kartik 15
Lokendra amepiga simu: Mama ameonwa na daktari mzuri, dawa imebadilishwa, ile ya zamani ilikuwa kali mno kwa umri wake. Goti linafanyiwa mazoezi. Anashuka ngazi na Anjila kila asubuhi, analalamika kila ngazi. Nikauliza kama atasema nami. Akasema: "Shemeji, mpe muda."

Kartik 26
Tumevuna. Bishnumaya na wenzake saba walikuja kwa zamu, kesho nami nitakwenda kwao. Nusu ya mpunga imeota ikiwa imelala kwenye maji. Nusu tumeipata. Wanawake waliimba; mimi nilifunga miganda tu, lakini nilifunga kwa haraka kuliko wote, na Bishnumaya akasema, "Hebu mwacheni, huyu anagombana na mpunga."

Mangsir 1
Baridi. Sikupika.

Mangsir 2
Sikupika. Nilikunywa maziwa. Siyo kwa msiba. Ni kwamba kuwasha moto kwa ajili ya mtu mmoja naona kama upuuzi.

Mangsir 4
Jioni simu imelia. Namba ya Anjila. Nikasema haloo, hakuna aliyejibu, nikasikia pumzi. Nilizijua.

"Mama?"

"Bado nimekasirika."

"Sawa, Mama."

"Huku hakuna ardhi. Nimeuliza ardhi iko wapi, wakanionyesha ndoo ya maua." Akapumua. "Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Wali na dengu."

"Na mboga gani?"

"Majani ya haradali."

"Ya lini?"

"Ya leo."

"Mwongo. Mimi nimelala siku tisa na uongo mmoja, unafikiri siujui ulivyo? Sauti yako haina chumvi. Toka nje."

"Mama, giza linaingia."

"Toka. Na simu."

Nikatoka na simu sikioni hadi kwenye bustani ya nyuma ya zizi. Umande ulikuwa umeshaanza kushuka, majani yalikuwa baridi.

"Chuma," akasema. "Nisikie."

Nikachuma. Mashina machanga yanavunjika kwa sauti ndogo, na alikuwa akiihesabu kila moja, maana nilipoacha akasema, "Hayo yanamtosha kuku. Endelea." Nikaendelea mpaka upindo wa shali ukajaa. Nikaingia jikoni, nikawasha moto, nikamwambia nimeuwasha. Akasema weka karibu asikie. Nikaweka simu juu ya jiwe la jiko. Mafuta yakalia, majani yakalia, wali ukachemka, na huko Kathmandu nilimsikia Lokendra akisema, "Mama, chaji itaisha," naye akimjibu, "Si chaji yako."

Wali ulipoiva nikapakua. Hakukata simu. Nikatia tonge mdomoni.

"Tafuna vizuri," akasema. "Sisikii."

Nikatafuna ili asikie.